Hadithi za Pumzi Moja

Sahra, hooyo,

Mizigo yako iko mlangoni na wewe umelala fofofo kama mtu asiye na hatia.

Sitakuambia uvae sweta. Nairobi itakuambia yenyewe. Sitakuambia uswali kwa wakati wala utunze kitambulisho. Hayo yote baba yako amekuambia tangu asubuhi, na wewe umemjibu "haye, aabo, haye, aabo" huku ukipambana na zipu, hukusikia hata neno. Mimi nina jambo moja tu, na nimeshindwa kulisema kwa mdomo kwa sababu unaujua mdomo wangu. Nikianza kusema naishia kukejeli. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kisomali sikufundishwa kukiandika, na pia kwa sababu kwa Kisomali ningekutukana.

Ulipotusomea hadithi yako wiki iliyopita, ile ya kikundi chenu cha kompyuta, baba yako alicheka mpaka akakohoa, ndugu zako wakagaragara mkekani, na mimi nikaondoa sahani za watu ambao bado walikuwa wanakula. Baadaye nikakusikia ukimwambia baba yako, kwa neno lilelile la mama ninalokuitia wewe, "Hooyo anadharau uandishi wangu." Jiko letu halina mlango. Nilisikia, na ulisema kweli. Nadharau. Ila hujui ninachodharau ni nini.

Tuanze na hao wenzako. Kila wiki mmoja wenu anatoa neno, wengine mnaandika hadithi ya maneno hamsini, mnatumiana kwa kompyuta, wewe kwa ile ya ofisi ya misaada ambako binamu yako anakufungulia mlango baada ya kazi, halafu mnapigiana kura. Karatasi ulizochapa nimezisoma zote, hata zile ulizodhani nafunikia unga. Sijapata kuona watu wanaosifiana namna ile. Huyu anaandika upuuzi kuhusu mvua, yule anamwambia ametokwa na machozi. Yule anaandika upuuzi kuhusu machozi, huyu anamwambia amesikia mvua. Aliyeshinda anapongezwa, aliyeshindwa anaambiwa kwamba kwa haki yeye ndiye alistahili kushinda, na wa mwisho kabisa anaambiwa ana sauti ya kipekee. Na majina yao! Simba wa Makadara. Malkia wa Wino. Kwetu hapa mtu hajipi jina la utani. Anapewa na watu, na watu huangalia kasoro yake kwanza: mwenye mguu mbovu anaitwa Mguu, mwenye masikio makubwa anaitwa Masikio, na anaitika mpaka anazikwa. Hakuna mtu wa Garissa angejiita Simba na bado aitwe hivyo jioni.

Lakini huyo Simba hanihusu. Kinachonihusu ni kwamba hadithi yako ndiyo iliyoshinda, kwamba Jumamosi mnakutana ana kwa ana kwa mara ya kwanza na wewe utaisoma mbele yao wote, na kwamba kesho unalala Eastleigh kwa eedo Halima, yule shangazi unayemjua kwa nguo anazotutumia kila Idi. Hadithi ile ni yake, Sahra. Mwanamke anayechekwa ndani yake ni yeye. Hujui, kwa sababu mimi nilihakikisha hujui.

Wewe unaijua kama kichekesho cha Marhuum, na mji mzima unaijua hivyo. Dereva mmoja alitangazwa amekufa, akarudi nyumbani akakuta umati unakula mbuzi wake. Akauliza, "Nani amekufa?" Wakamwambia, "Wewe." Akasema, "Basi nibakishieni maini." Tangu siku hiyo jina lake Abdullahi likapotea, akawa Marhuum, marehemu, na hata watoto aliozaa na mke wake wa sasa wanaitwa watoto wa Marhuum. Wewe ukaongeza mwisho wako mwenyewe: huko ndani ya nyumba, mjane wake anajipaka hina. Hapo ndipo baba yako alipokohoa. Hapo ndipo Simba alipoandika kwamba hiyo hina ni kipaji kutoka kwa Mungu. Baba yako anajua vizuri mke huyo alikuwa nani, lakini wanaume wa mji huu wamekicheka kichekesho hicho kwa miaka mingi hata wamesahau kwamba mke mwenyewe ana jina.

Sasa nikuambie kilikotoka.

Utakumbuka chumba cha redio koli nyuma ya duka, ambacho watu wetu walikiita taar. Waya umepandishwa juu ya mgunga, betri ya gari chini ya meza, na mimi kwenye maiki, maana baba yako alikuwa safarini kila mara. Watu walikuja kupeleka salamu, bei ya mbuzi, nani amejifungua, nani amefariki, mvua imenyesha wapi. Wakati wa joto, baada ya adhuhuri, mji mzima ulilala, wateja wakapotea na masafa yakawa matupu. Hapo sisi waendeshaji tulikaa tunasikiliza mngurumo tu. Ndipo tulipoanza mchezo wetu.

Tulikuwa wanne. Wajir alikuwa Dheere, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya urefu wake. Habaswein alikuwa Mwalimu, aliyeacha chaki kwa sababu, alisema, redio haipigi kelele darasani. Liboi alikuwa Sahal, karani wa mfanyabiashara wa sukari. Garissa nilikuwa mimi. Hatukuwa tumewahi kuonana nyuso, tulijuana kwa kikohozi. Sheria yetu ilikuwa moja: unabonyeza kitufe mara moja na unasimulia hadithi nzima kwa pumzi moja. Ukivuta pumzi, umetoka. Na lazima iwe kwa Kiswahili. Kisomali kilikuwa cha mambo ya kweli, na ukisema hata ubeti mmoja kwa Kisomali kuna ukoo mahali fulani utakasirika. Kiswahili hakikuwa cha mama ya yeyote kati yetu, kwa hiyo tulikichezea tukidhani hakimuumizi mtu.

Usidhani nyinyi ndio mliobuni kusifiana. Sisi tulikuwa mabingwa, kila mmoja akimaliza kwa "ofa" kabla ya kuachia kitufe.

"Walahi, Habaswein, hiyo hadithi iko tamu. Iko tamu kushinda sukari ya Liboi. Ofa."

"Habana, Dheere, wewe ndiyo umesema fizuri sana. Yangu ilikuwa ya kujaribu tu. Ofa."

Huyo wa pili ni Mwalimu, aliyefundisha Kiswahili shuleni, Mungu awasamehe waliomwajiri. Hatukuwahi hata siku moja kuambiana kwamba hadithi ni mbaya. Dheere alikuwa na ngamia mmoja anayezungumza. Alimsimulia ngamia huyohuyo wiki baada ya wiki, na sisi tukamwambia ngamia anazidi kukua. Sahal aliishiwa pumzi kila mara katikati ya hadithi, tukamwambia kwamba mwisho wake unaacha maswali. Mimi nilikuwa mbaya kuliko wote, kwa sababu nilijua tofauti na bado nikasema "mashallah". Nilisema mashallah ili nami niambiwe mashallah. Ukitaka kujua ninachodharau kwenye zile karatasi zako, ni sauti yangu mwenyewe.

Abdullahi alikuwa dereva wa lori la sukari, Liboi hadi Habaswein, na mara nyingine alishuka mpaka huku Garissa. Akija alikuwa anaingia chumbani kwangu kumsalimu mkewe kwa redio. Mkewe, Halima, alikuwa na kibanda cha maziwa na chai pale Habaswein, ukuta mmoja na chumba cha Mwalimu. Siku moja Abdullahi alipokuwa anangoja zamu yake niliona viatu vyake. Kiatu cha kulia hakikuwa na kamba, kilifungwa kwa uzi uliochomolewa kwenye gunia, tena kwa fundo safi la mtu mwenye subira. Nikakitazama kile kiatu kwa uchu. Huo uchu unaujua, hooyo. Nimeuona usoni kwako mara nyingi, mgeni anaongea na wewe humsikii, unakusanya tu.

Nikaitunga hadithi yangu kwa siku kadhaa nikikanda unga, nikiikata mpaka itoshe pumzi moja. Nilipoisema ilikuwa hivi, maana naikumbuka kuliko ninavyokumbuka siku ya harusi yangu:

Lori la sukari lilitoka Liboi jioni likasimamishwa na watu wenye bunduki, asubuhi utingo akafika kwa miguu na kiatu kimoja cha dereva kilichofungwa kwa uzi wa gunia, akampa mke wa dereva, mke akakitazama, akakiweka mlangoni palepale kinapokaa siku zote, akabandika chai ya watu wawili.

Niliachia kitufe. Dheere akaanza kupiga makofi huko Wajir. Nilifurahi kama mjinga.

Sasa sikiliza kilichotokea upande wa pili wa ukuta. Mwalimu alikuwa ameacha spika wazi kwa sauti kubwa, kama kawaida yake. Halima alikuwa anaosha vikombe. Mwanzo hakuusikia. Alisikia neno Liboi, akasikia bunduki, akasimama. Akasikia kiatu, akasikia uzi wa gunia, na hakungoja zaidi ya hapo. Ile chai ya watu wawili haikumfikia. Na kumbuka kwamba habari za ajali na za risasi ndizo zilizokuja kwa Kiswahili siku zote, kwa sababu zilitoka kwa polisi na kwa madereva wa bara. Na kumbuka kwamba hadithi ya pumzi moja ina urefu uleule wa habari ya msiba. Angejuaje? Alikimbia kwa shemeji zake, shemeji wakamuuliza amesikia wapi, akasema kwenye taar, basi. Siku zile ikisemwa kwenye taar imesemwa.

Mwalimu alimwona anakimbia, akadhani maziwa yamechacha au mtoto wa jirani ameanguka, akafunga chumba akaenda kulala. Alipoamka akasikia vilio. Akavaa kofia yake akaenda msibani, akasoma Yasin pamoja na wengine, akala wali, akaomba dua kwa sauti nzuri, na hakumuuliza mtu hata mmoja habari imetoka wapi. Marehemu alikuwa amefia kwenye spika yake mwenyewe. Ningesema Mwalimu alikuwa mpumbavu kuliko wote duniani, lakini subiri unisikie mimi.

Jioni aliniita.

"Garissa, Garissa, unanisoma? Ofa."

"Nakusoma, Mwalimu. Ofa."

"Kuna msiba. Abdullahi dereva, njia ya Liboi. Shifta na bunduki. Ambia ndugu yake iko huko soko ya mifugo. Bole sana. Ofa."

Mimi, Sahra, mimi niliyeona uzi ule kwa macho yangu na kuutia mdomoni, nilichukua mtandio wangu nikatembea mpaka soko la mifugo nikamwambia kaka yake kwamba Abdullahi amekufa. Nilimtazama mtu mzima akikaa chini kwenye vumbi. Na unajua nilichofikiri njiani nikirudi nyumbani? Sikufikiri kwamba labda habari hii ni yangu imenirudia. Nilifikiri kwamba nina kipaji. Nilifikiri nimeota kitu kabla hakijatokea, kwamba hadithi zangu zinaona mbele. Nilitetemeka kwa heshima niliyojipa mwenyewe. Hao Simba na Malkia wako wana miaka mingi ya kujisifu kabla hawajanifikia mimi jioni ile.

Abdullahi alirudi baada ya matanga kuanza, na siku zile maiti kukosekana haikuwa ajabu, kwa hiyo hakuna aliyeuliza maswali. Lori lilikuwa limevunjika springi njiani. Mengine unayajua, mbuzi, umati, maini. Alikuwa mcheshi na aliokoa aibu ya kila mtu kwa neno moja. Watu wakacheka, wakamkumbatia, wakamaliza nyama. Halima alikuwa ndani ya nguo nyeupe za eda na hakuna aliyemwangalia.

Habari ya kurudi kwake, na ya alichosikia Halima ukutani, ilipotufikia kwenye redio nilitegemea tutanyamaza. Nilikaa mbele ya maiki. Dheere ndiye aliyeanza.

"Garissa, walahi hiyo hadithi imeua mtu na imefufua mtu, astaghfirullah. Sisi wote tumeshindwa. Kura yangu ni yako. Ofa."

Sahal akasema na yake ni hiyohiyo. Mwalimu, akiwa bado na wali wa msiba ule tumboni, akasema haijawahi kutokea hadithi fizuri kama hiyo mkoa mzima. Nikashinda kwa kura zote. Na wakasema safari hii lazima kuwe na zawadi, si maneno matupu. Dheere akampa abiria chupa ya chai akamwambia ailete Garissa.

Ndiyo, ni ile. Nyekundu, yenye maua, inayokaa kwenye rafu mbele ya wageni. Umeinywea chai tangu una meno ya utoto.

Nilipaswa kuitupa mtoni. Badala yake niliifuta kwa kitambaa, nikaiweka pale inapoonekana, na nilifurahi. Nataka ulisome neno hilo tena. Kosa la spika lingeweza kumpata yeyote, na Mungu ndiye aliyevunja springi. Lakini kufurahi nilifurahi mwenyewe, bila kusukumwa na mtu, na nilifurahi kwa muda mrefu.

Halafu Halima akaja. Miezi ilikuwa imepita. Alikuwa anashuka Nairobi na mzigo mmoja, akauliza chumba cha redio kiko wapi, akaingia akakaa kwenye benchi la wateja. Nilidhani anataka kuita mtu. Tuliongea Kisomali, nakuwekea kwa Kiswahili.

"Wewe ndiye Garissa?"

"Ndimi."

"Mimi nilikuwa mke wa Abdullahi. Nataka uniambie ile hadithi. Mimi niliisikia katikati tu."

Nilimwambia asinifanyie hivyo. Akasema hajaja kunigombeza, anataka kuisikia yote. Basi nikaisema, polepole, si kwa pumzi moja. Nilipofika kwenye chai ya watu wawili akainua mkono.

"Alibandika chai?"

"Ndiyo."

"Hakuamini?"

"Ni hadithi tu, dada."

"Mimi niliamini papo hapo," alisema. "Sikuuliza kiatu kiko wapi. Nilivaa nyeupe. Abdullahi ananiuliza, ulikuwa unangojea? Hukuweza kusubiri hata siku moja? Mbele ya watu anauliza akicheka, nao wanacheka. Watu wakiondoka anauliza tena, na hacheki. Akasema labda kulikuwa na mwanamume mwingine tayari, labda hina ilikuwa imeshalowekwa. Nikamwapia. Mwisho akaniacha."

Sahra, hiyo hina uliyoibuni wewe, ile iliyoitwa kipaji, ndiyo maneno aliyopewa Halima pamoja na talaka yake. Hukujua. Mimi pia sikujua uzi wa gunia ulifungwa na nani mpaka nilipoambiwa siku ile.

"Uliujuaje ule uzi?" aliniuliza.

"Niliuona mguuni kwake."

"Niliufunga mimi," akasema. "Uliniona mimi basi."

Nikammiminia chai. Niliichukua ile chupa nyekundu bila kufikiri. Alikunywa akaitazama. Akasema ni nzuri, haipoozi chai, akaniuliza nimeinunua wapi ili naye atafute ya kwake akifika Nairobi.

Nikamwambia, "Sokoni."

Alikaa kwetu mpaka alfajiri, wewe ulimpisha mkeka wako, akaondoka. Akaanza maisha Eastleigh, akauza nguo begani, kisha mezani, sasa ana kibanda chake. Kila Idi anatukumbuka. Aliposikia umepata nafasi chuoni yeye mwenyewe ndiye aliyetuma salamu kwamba mtoto wa Garissa hatalala kwa watu wasiomjua. Hadithi amenisamehe, aliniambia siku ileile, kwa sababu hadithi haikumtaja. Ushindi hajanisamehe, maana haujui. Na mchezo wetu uliendelea, ujue hilo pia. Mimi ndiye niliyeacha, nikasingizia betri. Dheere aliendelea na ngamia wake mpaka simu zilipoanza kutufungisha vyumba, na ninaapa mpaka leo kuna mtu huko Wajir anamwambia ngamia anakua.

Kwa hiyo ninachokuomba si kuacha kuandika. Ukiacha kwa sababu ya barua hii nitakudharau zaidi. Una jicho, hooyo. Nilijua tangu ukiwa mdogo ulipomwigiza imamu akitafuta miwani iliyo usoni kwake, nikakuchapa, nikaingia ndani kucheka. Mimi sina haki ya kukwambia nani umwandike na nani umwache. Naomba kitu kimoja. Kabla Jumamosi haijafika, kabla hao watu hawajakupigia makofi ambayo wangempigia hata paka akikanyaga kompyuta, msomee Halima. Jikoni kwake, akikatakata vitunguu, msomee yote, na hina yake. Akicheka, nenda ukaisome mbele ya dunia nzima na mimi nitakuwa wa kwanza kunyamaza. Asipocheka, utakuwa umepata msomaji mmoja. Huko kwenye kikundi huna hata mmoja, una wapiga kura.

Nilitaka kuishia hapo. Nimeshaitia ile chupa kwenye begi lako, chini ya mtandio wa kijani, na nikaandika mstari ambao unaona nimeukata kwa wino hapo juu. Ulisema: mpe Halima hii chupa, mwambie haikununuliwa sokoni, mwambie ilikotoka. Nikauona mstari wenyewe kwenye karatasi na nikaanza kucheka peke yangu mpaka nikaogopa nitawaamsha. Wiki nzima nimekununia kwa kumsomea kila mtu isipokuwa mwenye hadithi. Na mimi, mama mtu mzima, nampakia binti yangu aibu yangu kwenye begi la chuo akaniombee radhi kwa mlango wa nyuma. Kama huyo Simba wa Makadara angeandika mama wa namna hiyo, ningesema amezidisha.

Nimeitoa chupa kwenye begi lako. Kuna nafasi sasa, unaweza kutia viatu vingine.

Barua hii hutaikuta mlangoni asubuhi. Nitakupa mkononi basi likishavuka daraja la Tana na askari wakishamaliza kutazama vitambulisho vyetu. Ndiyo, vyetu. Wakala wa basi ni jirani, na hakuna msafara uliowahi kujaa hata mwanamke mmoja akakosa pa kukaa. Baba yako atajipikia. Njaa ya siku mbili haijawahi kumdhuru mtu anayekoroma hivi. Nitakaa kiti cha pembeni yako, nimeipakata ile nyekundu, na ndani mna chai ya watu watatu.

Usiniulize kitu chochote mpaka tupite Mwingi. Soma taratibu. Na ukimaliza, hooyo, tafadhali, usinisifu.

Mama yako